Urani ya Mama Misumari

Kuna watu wanajua kuuza, kuna watu wanajua kununua, na kuna wale wasiojua hili wala lile ila mdomo wao haulali. Mama Misumari alijua kungoja. Duka lake la vifaa vya ujenzi lilikuwa chini ya jengo la ghorofa tatu, barabarani kabisa, na nyuma ya duka kulikuwa na stoo ndefu yenye giza na harufu ya chuma na rangi, ambamo kila kitu kilingoja siku yake. Kufuli zilingoja. Mabati yalingoja. Kulikuwa na shehena ya bawaba za shaba zilizokaa miaka kumi na miwili, mpaka watu wakasahau kwamba milango iliwahi kufungwa kwa bawaba za namna ile. Halafu mtindo ukarudi, akaziuza zote ndani ya wiki moja huku anaimba kwa sauti mbaya.

Jina la Misumari alilipata kihalali. Mwaka mmoja, enzi hizo mume wake bado ana nywele zake zote, alipata fununu kwamba kiwanda cha misumari kitasimamisha mashine kwa matengenezo. Alinunua misumari kwa kila senti aliyokuwa nayo, na kwa nyingine ambazo hakuwa nazo. Stoo ikajaa, ukumbi ukajaa, na msimu mzima mume na mke walilala kwenye kitanda kilichoinuliwa juu ya masanduku ya misumari, wanaogopa hata kugeuka. Mafundi walimcheka mpaka basi. Kiwanda kiliposimama kweli, mafundi wale wale walikuja dukani na mashati safi, wanaongea taratibu, wanamwita mama. Watoto wake watatu walisomeshwa na misumari ile.

Mume wake mtaa mzima ulimwita Dereva, maana ndiye aliyeendesha lori lililoleta mzigo wa kwanza wa duka. Alimletea saruji asubuhi, jioni akarudi kuuliza kama saruji imefika salama. Saruji aliyoileta mwenyewe! Mama Misumari, wakati huo binti mkavu asiyependa mchezo, alimjibu kwamba imefika, na kama ana wasiwasi aje kuiangalia tena kesho. Akaja kesho. Amekuja kesho mpaka leo.

Walikaa ghorofa ya tatu, juu kabisa, na kwa miaka mingi ngazi zile hazikuwa kitu kwa mtu aliyezoea kupanda lori. Kisha nyonga ya Dereva ikaanza kumletea maneno. Kwanza alishuka kila siku, baadaye mara moja kwa wiki, baadaye akawa anashuka kukiwa na sababu, na mwishowe sababu zikawa hazipatikani. Alihamishia kiti chake dirishani. Kutoka pale alisalimiana na mtaa mzima kwa sauti ya mtu anayepiga kelele juu ya injini, na kwa kuwa aliwaona watu kwa juu tu, aliwajua kwa utosi. Alijua nani anaanza kupata upara kabla mwenyewe hajajua.

Kwa hiyo kulikuwa na ahadi kati yao. Mama Misumari atauza duka na stoo na kila kilichomo, na fedha hizo zitanunua nyumba ya chini, yenye mlango unaofungukia ardhini, mtu atoke tu kama anavyotoka mtu. Nyumba yenyewe ilishapatikana, mtaa wa pili, ya mwalimu mstaafu aliyekuwa anahamia kwa mwanawe. Mwalimu alikubali kuwashikia mpaka mwisho wa mwezi. Na duka likauzwa kweli, kwa ndugu wawili wachangamfu wasiojua tofauti ya msumari na parafujo lakini wenye bidii. Mama Misumari aliwakabidhi funguo, akalia kidogo, akapenga kamasi, akapanda juu kuandaa chakula cha Jumapili.

Jumapili hiyo ndiyo iliyoharibu mambo. Binti yake wa mwisho, aliyeitwa Kitinda na kila mtu, alikuja na mumewe kula. Kitinda alifanya kazi kwenye ofisi ya mafao ya uzeeni, mahali wanapozungumza habari za fedha za watu kama wengine wanavyozungumza mpira. Walikuwa katikati ya kula, hakuna aliyemuuliza kitu, akasema tu ili kusema:

“Mama, kuna mfuko mmoja wa uwekezaji huko nje ungekufurahisha. Kazi yake ni kununua urani na kuiweka ghalani.”

“Urani ndiyo nini?”

“Madini. Ndiyo yanayoendesha mitambo ya umeme wa nyuklia.”

“Sasa wao wanaifanyia nini?”

“Hawaifanyii kitu. Wananunua, wanaweka, wanangoja bei ipande.”

Kijiko cha Mama Misumari kikasimama njiani. “Hawaichimbi?”

“Hawaichimbi.”

“Hawaitumii?”

“Mama, nimeshakwambia. Wanangoja.”

Maisha yake yote watu walimwambia kwamba biashara yake ni ya kizamani, kwamba mali inatakiwa kuzunguka, kwamba stoo iliyojaa ni fedha iliyolala. Leo anaambiwa kuna mabwana wakubwa, wenye tai na kompyuta, wanafanya kazi ile ile ya stoo yake, tena wanaheshimiwa! Furaha ilimpanda mpaka masikio yakapata joto. Akasukuma sahani pembeni na kuanza maswali kama vile mzigo uko mlangoni.

“Inaoza?”

“Haiozi.”

“Kutu?”

Hapo akaingia mkwe, mhandisi wa shirika la umeme, mtu mpole anayependa kueleza. “Haipati kutu, mama. Inatengenezwa unga, inatiwa kwenye mapipa ya chuma, inakaa miaka na miaka.”

“Panya?”

“Panya hawaigusi.”

“Basi mali hiyo,” alisema Mama Misumari.

Dereva muda wote alikuwa anakuna kidevu. Kumbe kichwa chake kilikuwa kimeshafika mbali. “Mimi naona shida ni moja,” alisema. “Stoo tumeshauza. Labda tutoe kile kitanda cha wageni, tuyapange mapipa chumba cha nyuma. Lakini lazima tuweke mbao chini, kama saruji, yasikae kwenye sakafu.”

Mkwe alipaliwa. Kitinda akampiga mgongoni huku yeye mwenyewe machozi yanamtoka kwa kicheko. Lakini mtu asiwacheke sana wazee hawa. Tangu waoane hawajawahi kununua kitu kisichopanda ngazi au kuingia stoo, na Mama Misumari naye alikuwa ameshaanza kumkadiria mchukuzi bei kichwani. Ilibidi mkwe anywe maji kwanza ndipo aeleze kwamba urani hailetwi nyumbani. Iko kwenye maghala yenye ulinzi, nchi za mbali, na mtu ananunua hisa za mfuko tu.

“Hata siku moja siendi kuiona?” Mama Misumari aliuliza kwa masikitiko.

“Hata siku moja.”

Alikaa na habari hiyo kidogo, akaimeza. Kisha akataka kujua jambo la maana: ni mali nzuri au mbaya? Hapo Kitinda na mumewe wakagawanyika, na walivyogawanyika ndivyo walivyo mpaka leo.

“Nchi nyingi zinarudi kwenye nyuklia,” alisema Kitinda. “Zinataka umeme usio na moshi. Na kompyuta za siku hizi, zile kubwa zinazojaa jengo zima, zinakula umeme hazishibi. Migodi nayo ni michache, mingine ilifungwa bei ilipokuwa chini, na kufungua mgodi siyo kufungua genge.”

“Yote kweli,” alisema mkwe. “Lakini mtambo mmoja ukipata ajali, popote pale duniani, serikali za mbali huko zinaogopa, zinafunga ya kwao, na bei inalala usingizi wa miaka. Imeshatokea. Halafu kuujenga huo mtambo ni miaka kumi na zaidi. Serikali iliyouanza siyo itakayoukata utepe, na katikati hapo yeyote anaweza kubadili mawazo. Na sola inazidi kuwa rahisi kila mwaka.”

“Kwa hiyo itapanda au haitapanda?”

“Sijui, mama. Na mtu akikwambia anajua, shika mkoba wako vizuri.”

Ungedhani maneno hayo yatamtuliza. Wapi! Mama Misumari alisikia neno moja tu, kwamba ni mali inayotaka mtu wa kungoja, na yeye mtu huyo anamfahamu. Wiki nzima iliyofuata alikuwa mgonjwa wa urani. Alisikiliza habari za redio ambazo zamani alizizima. Alishuka dukani kwake kwa zamani kuwaeleza wale ndugu wawili juu ya mitambo, wakaitikia kwa adabu huku wateja wanapanga foleni. Kila asubuhi, kabla hata Kitinda hajapiga mswaki, simu ililia.

“Urani imeamkaje?”

“Mama, jamani! Nilikuwa napiga soga tu. Sikukwambia ununue!”

“Ungeniambia ninunue ningekataa. Umeniambia wanangoja.”

“Na nyumba ya baba je?”

Swali hilo lilikuwa limeshamjia mwenyewe, na alikuwa amelipeleka kwa mhusika, jioni moja, wakiwa dirishani. Alimweleza Dereva hesabu yote. Fedha za duka zikiingia kwenye urani, nyumba ya mwalimu itakwenda kwa mtu mwingine. Lakini bei ikija kupanda kama ilivyopanda ile ya misumari, watanunua nyumba mbili kama ile, moja ya kukaa na moja ya kupangisha. Ni suala la miaka kumi tu hivi, mambo yakienda sawa. Dereva alikuwa anaangalia chini, anamfuata kwa macho mtu mwenye kofia mpya.

“Nunua tu, mama,” alisema. “Wewe kwenye kungoja hujawahi kukosea. Nyumba zipo tu, haziishi.”

Alitabasamu alipolisema. Mama Misumari akaliokota tabasamu hilo haraka haraka na kuliweka mfukoni bila kuligeuza upande wa pili. Mtu anayekagua bawaba moja moja kwa tochi! Lakini ndivyo tulivyo; tukishapenda kitu, tochi hatuioni ilipo.

Siku ya kwenda kwa dalali wa hisa, Dereva alitangaza kwamba naye anakwenda. “Nataka nimwone kwa macho yangu mtu anayeuza kitu ambacho hakionekani,” alisema. Alivaa shati lake jeupe la harusi za watu, akachukua fimbo yake. Ofisi ya dalali haikuwa mbali, jengo la nne upande wa pili wa barabara.

Jambo moja lazima lisemwe. Tangu nyonga ya Dereva iharibike, Mama Misumari hakuwahi kushuka naye ngazi. Alfajiri yeye alikuwa ameshafika dukani. Siku Dereva aliposhuka, alishushwa na jirani au mmoja wa watoto, na mkewe alimwona tu ametokeza mlangoni, ameketi kwenye kreti, anacheka na mafundi. Alidhani anajua. Asubuhi ile ndiyo alipoona.

Dereva alishuka kwa ubavu, kama anayepita kati ya magari mawili yaliyobanana. Mguu mzuri kwanza, kisha mguu mbaya unaletwa, kisha kupumua. Kila kilipoisha kipande cha ngazi aliketi, akajifanya ameketi kusimulia kitu. “Hapa,” alisema kwenye kituo cha kwanza, “ndipo mwanao wa kwanza alipodondosha redio.” Kituo cha pili alisimulia kisa kingine, lakini sauti ilimkatika katikati, akakimalizia kwa mkono. Shati jeupe lilikuwa limegandana na mgongo. Mama Misumari alisimama ngazi moja mbele yake, mikono ameinyoosha, hajui amshike wapi. Alitaka kusema wapumzike zaidi. Alitaka kusema samahani, na hakujua ataanzia wapi.

Lakini walipofika chini, heri ungekuwepo! Dereva alipata watu wake. Fundi viatu alisimama, muuza magazeti akavuka barabara, mama wa cherehani akatoka na uzi mdomoni. Dereva aliwashika mabega, akawainamisha vichwa, akawatazama utosi kisha uso. “Ee, kumbe ni wewe!” alipiga kelele. “Mimi kila siku namsalimia huyu mwenye kipara utosini, kumbe una sura nzuri hivi?” Watu walicheka, barabara ikaziba, mwenye mkokoteni akatukana kisha naye akaja kusalimia. Uso wa Dereva uling'aa. Mama Misumari alisimama na mkoba wake mkononi, akamtazama mume wake anavyofurahi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile hakuwa anafikiria urani. Walifika kwa dalali wamechelewa.

Dalali alikuwa dada wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole, na hakuwa mwongo. Alieleza mfuko ule unavyofanya kazi, akaeleza faida, akaeleza kwa kirefu zaidi jinsi mtu anavyoweza kuumia. Dereva alimuuliza kama yeye mwenyewe ameshawahi kuyaona hayo mapipa. Akasema hapana. Dereva akaridhika kabisa. Kisha dada yule akageukia kompyuta yake, akasema kuna maswali machache lazima amuulize kila mteja kabla ya kununua.

“Fedha hizi mnategemea kuzihitaji lini?”

Mama Misumari alifungua mdomo, lakini Dereva alimtangulia.

“Sisi hatuna haraka, binti yangu,” alisema, huku anajifuta shingo kwa leso. “Mke wangu ni mtu wa kungoja. Na mimi nimeshazoea.”

Alilisema bila kinyongo. Hapo ndipo lilipouma. Mama Misumari aligeuka, akamtazama. Jasho la ngazi lilikuwa halijamkauka, na kufika nyumbani ilibidi azipande zote tena. Misumari alikuwa ameiweka mahali pazuri, pakavu, akaiuza siku yake ilipofika. Bawaba vivyo hivyo. Na mtu huyu, aliyerudi jioni ile kuulizia saruji, naye alikuwa amemweka juu ya ghorofa, karibu na dirisha, akangoja bei. Haya yalimjia kwa maneno hayo hayo, akaona aibu, na chini ya aibu akamwonea mume wake mapenzi ambayo hakuwa ameyasikia kwa nguvu ile kwa muda mrefu.

“Usiandike hivyo,” alimwambia dalali. “Andika tuna haraka.”

“Haraka kiasi gani, mama?”

“Leo.”

Dereva alishtuka. “Mama, urani—”

“Urani nzuri sana, baba. Ingekuwa misumari ningelala juu yake.” Alicheka kidogo. “Wenye miaka ya kungoja waingoje. Mimi nataka utoke nje.”

Dalali alivua miwani, akaiweka mezani. Alisema kwamba huenda bei itapanda sana, hawezi kumficha, na huenda wakaja kujuta. “Lakini kwa jibu hilo,” alisema, “siwauzii hata mkiniomba.” Akainuka kuwafungulia mlango. Mama Misumari alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na dada wa watu akabaki anashangaa kwa nini mteja ambaye hakununua kitu anamshukuru vile.

Hawakurudi nyumbani. Walichukua teksi kutoka mlangoni pa dalali mpaka kwa mwalimu mstaafu, mtaa wa pili, wakamkuta anafunga vitabu kwenye maboksi. Mwalimu alitaka kuwaonyesha vyumba. Dereva alisema vyumba ataviona baadaye. Alitoka mlango wa mbele, akaingia, akatoka tena, akaingia, fimbo ameibana kwapani, mpaka mwalimu akamuuliza Mama Misumari kwa kunong'ona kama mzee yuko sawa.

“Yuko sawa,” alisema, na machozi yanamtoka waziwazi. “Mwache ajaribu mlango.”

Walihamia kabla ya mwisho wa mwezi. Kitinda aliweka fedha zake kidogo kwenye ule mfuko, za kwake mwenyewe, kwa kuwa yeye ana miaka ya kungoja; mkwe aliguna, na kila Jumapili wakija wanaendeleza mabishano pale walipoyaachia. Miezi kadhaa ilipita. Adhuhuri moja Kitinda alipiga simu, akaanza kuzunguka zunguka, akauliza hali ya hewa, akauliza afya, akauliza maua.

“Sema,” alisema mama yake.

“Urani imepanda. Imepanda sana, mama. Nimeona nikwambie mimi kabla mtu mwingine hajakwambia.”

Mama Misumari aliketi kwanza, kwa heshima ya biashara. “Safi sana, mwanangu!” alisema. “Na ikishuka usilie. Ngoja nimwite baba yako umwambie, atafurahi.” Akamwita. Akamwita tena, kwa sauti ya dukani. Chumbani hayupo, uani hayupo. Alikuwa ametoka mara tu baada ya chai kwenda kununua kiberiti, na sasa jua lilikuwa utosini.

“Hayupo,” alimwambia Kitinda. “Siku hizi baba yako simwoni nyumbani. Nina mume au nina mpangaji?”

Alikata simu, akafunika sufuria, akatoka kumtafuta. Hakwenda mbali. Alimkuta nyumba ya tatu, kwenye benchi nje ya kibanda cha kinyozi, fimbo katikati ya magoti, anawasimulia watu wawili habari ya mapipa na mbao, na kicheko kilisikika mpaka barabarani. Kiberiti kilikuwa bado hakijanunuliwa.

“Mama! Nakuja sasa hivi,” alisema Dereva alipomwona, akaanza kujiinua.

Alimwekea mkono begani, akamrudisha chini.

“Sogea,” akamwambia, na yeye mwenyewe akaketi kando yake.